Irja Anangoja Aulizwe Tena

Mwone kwanza anavyokuja. Ni asubuhi ya mwezi wa Machi, theluji bado imerundikana hadi magotini kandokando ya barabara ingawa jua limeshaanza kujidai. Katikati ya barabara hiyo kuna mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mguu mmoja kauweka nyuma ya kiti cha kutelezea thelujini, mwingine unapiga barafu nyuma, chap, chap, na vyuma viwili virefu vilivyo chini ya kiti vinamchukua. Wenyeji wa huko hawana baiskeli nyingine wakati wa baridi. Mbele, mahali pa kukalia mtu, kafunga mkoba mweusi uliokuwa wa mama yake. Ndani ya mkoba mna viatu vya ndani alivyovipaka rangi jana, leso mbili, na cheti cha shule ya mapishi cha mwaka 1954.

Anaitwa Irja. Ameitwa ofisi ya halmashauri saa nne, na sasa ni saa tatu na dakika kumi. Basi unadhani ataingia? Thubutu. Alipoiona ile nyumba ya matofali ya njano aliipita kama vile hana shida nayo, akazunguka kanisa, akazunguka kituo cha zimamoto, akarudi tena kanisani. Kufika mapema ni adabu, lakini kuonekana umefika mapema ni tamaa, na watu wa pande zile za magharibi ya Ufini wangependa wakutwe uchi kuliko wakutwe na tamaa.

Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuitwa kwenye usaili. Usishangae. Kazi ameifanya tangu aweze kunyanyua ndoo, lakini ilikuwa kazi ya nyumbani kwao, shambani, na ng'ombe hamuulizi mtu cheti. Walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake Oskari, hakuna aliyeoa wala aliyeolewa, na ng'ombe kumi na wawili. Septemba iliyopita Oskari alikwenda kushusha majani makavu darini, moyo ukamsimama huko huko juu, mkono ukiwa bado umeshika uma wa kuchotea majani. Oktoba lori likaja kuchukua ng'ombe. Irja alisimama ukumbini akawaita kwa majina mmoja mmoja mpaka dereva akamwambia, "Mama, inatosha, wakikusikia wanakataa kupanda."

Tangu hapo ikawa nyumba na yeye, yeye na nyumba. Aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, akakaa kitandani mikono magotini, hana wa kumkamua. Viazi alishindwa kabisa kuchemsha vya mtu mmoja. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe kwenye kapu ukatoa sita. Vitatu vyake alikula mchana, vitatu vingine akavikaanga jioni, na kesho yake mkono ukatoa sita tena. Redio aliiwasha mapema ili pawe na sauti ya mtu. Alisikiliza hata hali ya bahari, upepo wa mnara huu na mawimbi ya kisiwa kile, na kutoka kwao hadi baharini ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Kuna wiki moja ya Januari ambayo, alipokwenda dukani na muuzaji akamuuliza kama anataka mfuko, alifungua kinywa na sauti ikakataa kutoka. Ilibidi akohoe kwanza. Siku ile alirudi nyumbani ameogopa.

Waswahili tunasema upweke ni uvundo. Irja hakuwa na methali hiyo, lakini harufu yake aliijua.

Ndipo akaliona tangazo gazetini: shule ya kijiji, watoto sitini, anatafutwa msaidizi wa jikoni. Kulikuwa na mambo ya mshahara na mambo ya saa za kazi. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja mfupi: mfanyakazi atakula chakula cha mchana shuleni pamoja na wenzake. Huo ndio mstari alioukata kwa mkasi. Tangazo lenyewe lilibaki gazetini, na gazeti likawashia jiko. Mstari ule akaubandika mlangoni mwa kabati la vikombe.

Jirani yake Saimi, ajuza wa miaka sabini na mbili mwenye ulimi wa kukata kuni, aliuona mstari ule Jumapili alipokuja kunywa kahawa.

"Hii nini? Umeanza kubandika maandiko?"

"Ni kazi. Niliandika barua, wameniita Jumatano. Kwenye usaili."

"Usaili!" Saimi akaweka kikombe chini. "Na utasema nini huko? Wewe ambaye mchungaji alikuuliza jina siku ya kipaimara ukamwonyesha mama yako?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tano, Saimi."

"Na sasa una zaidi, na bado unaonyesha mama yako, ila yeye yuko kaburini. Haya, kaa pale. Mimi ni mtu wa halmashauri." Akavuta kitambaa chake cha kichwa nyuma, akajinyoosha mgongo, akamkazia macho. "Wewe ni nani?"

"Wanijua."

"Sikujui! Mimi natoka halmashauri, simjui mtu, ninalipwa nisimjue mtu. Wewe ni nani?"

"Irja."

"Irja nani? Irja wako wengi. Umefanya kazi gani?"

"Nimekuwa nyumbani tu."

"Nyumbani tu. Na kupika unajua?"

"Napikapika."

Saimi akaangua kicheko mpaka jino lake la bandia likataka kumtoka. Huyu anayepikapika ndiye aliyekuwa akiitwa na kijiji kizima kila palipokuwa na msiba au harusi, na watu walikuwa wakiulizana kwanza, "Irja atapika?" kabla hawajauliza marehemu alikufa na nini. Lakini Saimi hakumsahihisha. Alipomaliza kucheka alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri. Hivyo hivyo. Usijikweze, hilo moja. Wakikupa kiti, kaa cha mlangoni mpaka wakuvute. Wakikupa kahawa, unajua mwenyewe. Wakikuuliza kama kazi utaiweza, kataa kidogo. Mara ya pili legea. Mara ya tatu kubali, lakini usionyeshe meno. Mtu anayekubali mara ya kwanza ni mtu wa njaa."

Nimeshawaambia, ndivyo walivyo. Katika nyumba zao mgeni hukaa kwenye benchi la mlangoni, mwenyeji akasema karibu mezani, mgeni asitikisike, kana kwamba aliyeitwa ni mtu mwingine. Akaitwa tena, akashukuru kwamba hana haja. Wito wa tatu ndipo hunyanyuka akijikongoja, na hapo tena kuna kusukumana nani atangulie kumimina. Nimeona kahawa ikipoa, imepashwa, imepoa tena, na watu bado wako ukutani wanatazama vidole vyao. Mwenyeji hachoki. Kuomba kwake mara tatu ndiyo heshima yake kwa mgeni, na kukataa kwa mgeni mara mbili ndiyo heshima yake kwa mwenyeji. Irja hakufundishwa jambo hili. Alizaliwa akalikuta, kama alivyozaliwa akaikuta theluji.

Haya, saa nne kasoro dakika moja akaona sasa inafaa. Akakiegemeza kiti chake ukutani, akavua mabuti ukumbini, akavaa viatu vya ndani, akabisha.

Chumbani mlikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Annukka, binti wa miaka ishirini na minane aliyeletwa Agosti kutoka Helsinki, kule kusini, kusimamia mambo ya shule. Nywele fupi, sweta jekundu, macho ya mtu anayetaka kutenda haki. Mwingine alikuwa Heimo, mkulima aliyekaribia kustaafu, mjumbe wa kamati ya shule, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kusikiliza na kutia sahihi kwamba kasikiliza. Irja na Heimo walijuana tangu utotoni, kwa hiyo walitikisiana vichwa tu.

"Karibu sana, Bi Irja," Annukka akasema. "Karibu kiti."

Viti vilikuwa viwili. Kimoja mbele ya meza, kingine karibu na mlango, pale watu wanapoweka makoti. Irja akakaa kile cha makoti.

"Unaweza kusogea hapa mezani."

"Aa, hapa panatosha."

"Sawa," Annukka akasema kwa upole. Naye hakusema zaidi. Alidhani mama wa watu ana sababu yake, labda mgongo.

Basi usaili wenyewe ukafanyika hivyo, mmoja huku na mwingine kule, katikati kapeti tupu la kijivu, kama watu wanaoongea wakiwa kwenye kingo mbili za mto. Annukka akanyanyua chupa ya kahawa. Kulikuwa na sahani ya maandazi ya iliki, na harufu yake ilifika mpaka mlangoni.

"Kahawa?"

"Asante, sina haja."

Binti akaiweka chupa chini.

Irja aliisikia ile chupa ikigusa meza. Akangoja. Binti akageuza karatasi. Heimo, ambaye kikombe chake kilikuwa kimejaa, alikitazama kama mtu aliyeona nzi ndani yake, lakini hakusema kitu, maana kumkaribisha mgeni mezani kwa mwenzako ni kumwambia mwenzako hajui kukaribisha.

Pengine, Irja akajiambia, kahawa ni kidogo. Ofisi siyo nyumbani.

"Nieleze kidogo kuhusu wewe," Annukka akasema.

"Hakuna la ajabu. Nimekuwa nyumbani, na ng'ombe."

"Umewahi kupikia watu wengi kwa pamoja?"

"Kidogo tu. Nikiombwa."

Kalamu ikaandika. Kutoka mlangoni Irja hakuweza kuona, lakini neno lilikuwa fupi, na huenda lilikuwa *kidogo*. Heimo akakohoa.

"Una mafua, Heimo?"

"Hapana. Koo tu."

"Na cheti unacho?"

"Kipo, lakini cha zamani. Hakifai kusumbua macho yako." Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kifungo cha mkoba, ukingoja aambiwe, hebu tukione. Hakuambiwa. Mkono ukabaki pale pale juu ya kifungo.

Annukka akaweka kalamu kando, akainama mbele. Alitaka kuuliza vizuri, na ndivyo alivyouliza. "Bi Irja, kazi hii ni nzito. Masufuria makubwa, watoto sitini, wengine hawapendi hiki, wengine wakila kile wanavimba. Mpishi mkuu anahitaji mtu wa kumtegemea. Mwenyewe unaonaje? Utaiweza?"

Ndani yake Irja alikuwa ameshaiona ile sufuria, ameshakoroga, ameonja chumvi, ameketi na wenzake kwenye meza ya walimu mtu mmoja akimwambia, nipitishie siagi. Akayashusha macho.

"Mh, sijui. Bila shaka wapo wanaoweza kuliko mimi."

Akangoja.

Nje matone ya theluji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingo wa paa. Akayahesabu mpaka saba. Sasa, akasema moyoni, sasa atasema, haiwezekani, hebu fikiri tena, na mimi nitasema, labda kwa kujaribujaribu. Tone la nane. La tisa.

"Nashukuru kwa ukweli wako," Annukka akasema, na alikuwa anashukuru kwelikweli. "Si wengi wanaosema ukweli kwenye usaili." Akalifunga jalada. Akasimama, akavuka kapeti lote lile, akampa mkono.

Usaili ulichukua dakika kumi na moja.

Ukumbini Irja alikaa kwenye ngazi akivaa mabuti, na buti la kushoto likamshinda. Alilivuta akaliacha, akalivuta tena. Hakulia. Alikuwa anafikiria ile supu ya njegere aliyoiacha jikoni asubuhi, sufuria kubwa, kwa kuwa alishindwa kupika ndogo. Angefika saa sita kasoro, angewasha redio, wangesema upepo wa kusini mashariki. Kesho Alhamisi supu ile ile. Ijumaa pia.

Mlango ukafunguliwa, Heimo akatoka na kiko chake. Akasimama kando yake, hakumtazama.

"Irja."

"Heimo."

Kiko kikajazwa taratibu.

"Theluji inalegea," Heimo akasema.

"Inalegea."

"Kwenye msiba wa mke wangu ulipika wewe."

"Nilisaidiasaidia."

"Ulipika wewe! Watu mia na tisini. Shemeji yangu kutoka Uswidi mpaka leo kila akipiga simu anauliza habari za yule samaki, mimi haniulizi hali." Akawasha kiberiti, kikazimika, akawasha kingine. "Sasa sikiliza. Huyu binti si mbaya. Ila ni wa kusini. Wale ukiwaambia hutaki, wanaelewa kwamba hutaki."

Irja akanyanyua uso. "Mara ya kwanza tu?"

"Mara ya kwanza tu."

"Maskini. Sasa wanaishije?"

"Wanakunywa kahawa ikiwa ya moto."

Kisha Irja akasema kwa sauti ndogo, "Ungemwambia, Heimo."

"Nimwambie mimi, itakuwa nimekubeba. Watasema Heimo anagawa kazi kwa sababu ya samaki. Meza ni yake, kalamu ni yake. Kabla yako alikuja msichana mmoja, kaingia, kavuta kiti, kasema mimi ndiye mnayemtafuta. Hivyo hivyo, mchana kweupe." Alitikisa kichwa kama anayesimulia wizi. "Binti anapeleka jina juu saa sita. Mimi sahihi nimeshatia kwamba nilisikia. Na nilisikia, Mungu anisamehe."

Akavuta kofia masikioni akaondoka, maana alikuwa ameshasema mengi kuliko alivyosema tangu Krismasi.

Irja akabaki ngazini na buti moja mguuni. Kurudi ndani? Kwa miaka hamsini na mmoja hajawahi kuingia mahali alipokwishaagwa. Hajawahi kunyoosha mkono kwa kitu ambacho hakuombwa akichukue. Angeenda nyumbani sasa, hakuna ambaye angemlaumu. Saimi angemsifu, angesema, ulifanya kama mtu, wao ndio hawana malezi. Wangekaa Jumapili wakanywa kahawa juu ya sifa hiyo. Na Jumatatu? Akajaribu kusema neno moja, jina lake tu, ili asikie kama sauti ipo. Ilikuwapo, lakini ilitoka ikikwaruza kama mlango wa zizi lililofungwa siku nyingi.

Akalivaa lile buti kwa nguvu, akasimama, akarudi. Hakukumbuka viatu vya ndani. Aliingia na mabuti yake, theluji ikidondoka kwenye kapeti la kijivu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye meza. Hakukaa.

"Ninaweza," akasema.

Annukka akainua macho. Mbele yake kulikuwa na kikombe kimoja na maandazi yale yale, hayajapungua. "Samahani?"

"Kazi. Ninaiweza. Nimepikia watu mia na tisini, na zaidi. Harusi, misiba, wavunaji. Najua sufuria kubwa. Ndogo ndizo zinazonishinda." Akafungua mkoba, akakitoa cheti, akakiweka juu ya meza. Shingo ilikuwa imeiva nyekundu hadi masikioni. Hakuna tusi ambalo lingemtia haya kama maneno yale.

Annukka akakitazama cheti. Alama zilikuwa za juu kabisa, zote. Kisha akalifungua jalada, akasoma alichoandika mwenyewe.

"Bi Irja, sijui nielewe vipi. Saa hii hii nilikuuliza. Ulikaa pale, ukaniambia wapo wanaoweza kuliko wewe."

"Nilisema."

"Ulikuwa unadanganya?"

"Hapana."

"Basi sasa ndiyo unadanganya?"

"Hapana!"

"Sasa…" Binti akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Tangu Agosti niko hapa. Kila mtu akija namkaribisha kahawa, kila mtu ananikatalia. Kila mmoja. Mwishowe nikajiambia hawa watu hawanitaki, basi. Na wewe umekataa kiti, ukakataa kahawa, ukaikataa kazi. Nimeshakubali. Halafu unarudi."

Irja akafungua kinywa ili aeleze. Lakini angeanzia wapi? Nani aliwahi kueleza jambo lile, kwa maneno gani? Alitazama ile chupa ya kahawa, akatazama theluji yake inavyoyeyuka kwenye kapeti la watu.

"Kwetu mtu huulizwa tena," akasema. Ni hilo tu lililotoka.

Annukka akaliinamia jalada. Kwenye jalada kulikuwa na majina mawili. Moja lilikuwa la msichana aliyesema mara moja, bila kupepesa, kwamba ndiye, na huenda ndiye kweli. La pili lilikuwa la huyu aliyesimama na mabuti, mwenye majibu mawili ndani ya saa moja, yote mawili, kwa kauli yake, ya kweli. Ukutani saa ilikuwa inakaribia nne na nusu. Kalamu ilikuwa mezani, kati ya cheti na sahani ya maandazi, na binti akaishika.

Nami nakuuliza wewe uliyekaa nasi tangu mwanzo ukaona yote: kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, nawe hujui mila hii, huna wa kukunong'oneza, ungeandika lipi, jibu la kwanza au la pili?